Diski Mbili za Papa Léon

Kila asubuhi Gracia hufungua studio ya picha pale mtaa wa Kabondo kabla jua halijakuwa kali. Wanafunzi huja kwa baiskeli, wanataka picha ndogo za kujiandikisha shule. Maharusi huja na ndugu zao, na kila ndugu anataka kusimama mbele. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, papa Léon. Zamani ukibatizwa Kabondo bila papa Léon kukupiga picha, watu waliuliza kama kweli umebatizwa.

Papa Léon alifariki mwaka jana. Picha na video zake zote, kazi ya miaka zaidi ya ishirini, zilikuwa ndani ya kompyuta moja yenye diski mbili. Humo mlikuwa pia na video fupi ya marehemu mke wake, mama Viviane, akiponda lituma, zile ndizi za kuchemshwa, uani. Mama alikufa Gracia akiwa na miaka mitatu, na mdogo wake Landry angali ananyonya. Hakuna mahali pengine mama huyo anaonekana akitembea au anasikika akicheka. Ni hapo tu.

Baada ya matanga, tonton Sadrack, mdogo wa papa, alikusanya familia kugawa vitu. Diski mbili, watoto wawili. Kuna hesabu rahisi kama hiyo? Gracia abaki na studio na diski moja. Landry avuke mto na ya pili, maana anafungua studio yake Lubunga. Wote waliridhika, wakala, wakaenda zao.

Basi, Gracia akawasha kompyuta. Haikumwonyesha hata picha moja. Akazima, akawasha tena. Patupu. Moyo ukamwambia neno baya: Landry ameondoka na diski iliyojaa, amemwachia ganda. Akampigia simu. Kumbe Landry naye alikuwa amekasirika vilevile, maana diski yake haikufunguka, na alimshuku dada yake. Walirushiana maneno ambayo ndugu hawapaswi kurushiana. Wiki tatu zikapita bila salamu.

Mtaani kuna fundi wa kompyuta anayeitwa Kadidja, mwenye asili ya Kindu. Ana sauti ya upole, lakini hana subira na watu wanaogusagusa mashini ovyo. Gracia alimwita studioni, akamweleza yote. Kadidja aliuliza diski ya pili iko wapi. Aliposikia iko Lubunga, akaokota picha kubwa ya bibi harusi iliyoharibika wakati wa kuchapwa, akachukua mkasi. Aliikata vipande vyembamba. Cha kwanza akakiweka kushoto, cha pili kulia, cha tatu kushoto, cha nne kulia, mpaka vikaisha.

"Sasa uniambie, bibi harusi iko upande gani?" akauliza.

Gracia alitazama kushoto, akatazama kulia. "Iko pande zote mbili," akasema polepole. "Na hakuna upande iko muzima."

"Bon. Papa yako aliunganisha diski mbili zifanye kazi kama moja, juu ya video zifunguke mbio. Kila picha, mashini inaikata vipande, inaweka kimoja huku, kimoja kule. Siku mulitenganisha diski, mulikata kila picha."

Gracia alishikwa na butwaa. Wiki tatu nzima uso wa mama yake ulikuwa umelala nusu Kabondo, nusu ng'ambo ya mto, na hapakuwa na mwizi popote. Aliona haya mpaka akakaa chini.

Kadidja alikuwa na hofu moja. Kompyuta isipoielewa diski, mara nyingi huuliza kama iitengeneze upya. Mtu akikubali, mara nyingi kila kitu kimekwenda. Je, Landry alikubali?

Gracia akapiga simu. Aliomba msamaha kwanza, ndipo akauliza.

"Iliniuliza," Landry akajibu. "Kidole kilikuwa kinaenda pa 'oui', nikubali. Courant ikakatika, giza tupu. Halafu nikaogopa, nikaiacha."

Kadidja alisema hajawahi kushukuru giza tangu azaliwe, lakini siku hiyo alishukuru.

Landry alivuka mto kwa pirogi mchana uleule, diski ameifunga kwenye plastiki na kuikumbatia kifuani. Alitaka muungano wa diski uvunjwe papo hapo, kila mtu apate yake. Kadidja alikataa.

"Kuvunja huo muungano ni kufuta kila kitu," akasema. "Kwanza kopi. Pili, tuangalie kopi kwa macho yetu. Ndipo tuvunje."

Alirudisha diski zote mbili ndani ya kompyuta ya papa Léon, mahali pake palepale. Alipowasha, majina yakaanza kushuka kwenye kioo: ndoa, ubatizo, matanga, mwaka baada ya mwaka. Nusu ya Kabondo ilikuwa imerudi. Landry alishika kichwa kwa mikono miwili.

Walileta diski ya tatu, mpya, wakanakili mpaka kesho yake. Kisha wakafungua kopi, faili moja hadi nyingine, na hatimaye ile ya mama. Mama Viviane alikuwa anaponda, mtoto mgongoni, anamcheka anayempiga picha.

"Huyo pa mugongo ni miye?" Landry akauliza.

"Ni weye," Gracia akajibu. Wakaitazama mara tano.

Ndipo Kadidja akachomoa kopi, akaiweka mbali juu ya kabati, akavunja muungano. Kioo kikawa cheupe. Gracia alijua kopi ipo, hata hivyo akatupia jicho kabati. Baada ya muda zikaonekana diski mbili, kila moja na jina lake, kila moja inajitegemea. Kadidja alikuwa amepima: kazi yote ya papa inaenea ndani ya diski moja. Kwa hiyo akairudisha yote kwenye ya kwanza, kisha yote kwenye ya pili. Diski ya tatu ikapelekwa kwa tonton Sadrack, ili hata nyumba ikiungua, picha zibaki.

Kabla hawajaagana, Kadidja alichomoa diski moja, akawafungulia nyingine peke yake. Mama akacheka. Kadidja akabadilisha diski. Mama akacheka tena, mzima, bila kipande kupungua. Gracia alichukua diski moja, akamwekea mdogo wake mkononi.

Landry aliigeuza. "Na weye, video ya mama itabaki kwako?"

"Mama iko yote kwako," Gracia akamwambia. "Na iko yote kwangu."