Ngozi ya Tufe

Tufe lilirudi likiwa la moto. Barnaba alilipokea pale matufe yanapoibukia baada ya kupita chini ya sakafu, akaliachia haraka na kujipuliza vidole. Tunduma ilikuwa kwenye baridi ya Juni. Madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani walikuwa wamejifunga mablanketi, na ndani ya ukumbi wa boling wa hoteli ya Othmani, ambako watu huangusha pini kwa tufe, hakukuwa na kitu cha moto zaidi ya chai. Akaamua kwamba ni mashine ya kuyarudisha. Mashine hiyo, pamoja na njia mbili za mbao na pini zake, Othmani aliinunua kwenye ukumbi uliofungwa upande wa Zambia, na Barnaba hakuheshimu kitu chochote kilichonunuliwa na Othmani.

Vitu alivyoviheshimu vilikuwa vichache. Alizaliwa Ileje, akajifunza kazi Lusaka, na tangu arudi, wateja aliwaita warusha viazi. Othmani, bosi wake, kwake alikuwa mzee wa matairi, kwa sababu aliyauza kabla ya kujenga hoteli. Alichokiheshimu ni mkono wake wa kulia. Mkono huo ndio uliomlisha. Ndio uliocheza na watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kuwashinda, na ndio uliojua kwa kupapasa tu kama tufe liko sawa. Aliupaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, na ndoo alizibeba kwa mkono wa kushoto.

Kazi yake ilikuwa kwenye ngozi ya tufe. Njia ya boling hupakwa mafuta. Tufe linalong'aa huteleza juu yake na huchelewa kukunja kona. Lililokwanguliwa kwa msasa hushika mapema na kukunja kwa nguvu. Tatizo ni kwamba tufe hunywa mafuta hayo, na likishiba halikunji tena. Hapo hulowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni mpaka liyatoe, halafu hupigwa msasa upya.

Hilo ndilo alilolifanya jana yake. Jua likiwa utosini alitoka na ndoo ya maji yanayofuka, akaelekea jalalani nyuma ya jiko. Mwanamvita, mpishi wa hoteli, mama wa makamo kutoka Pangani, alimsimamisha. Alimweleza kwamba maji ya moto hayamwagwi jalalani saa hizo bila bismillahi. Na kama yeye ni Mmoraviani, basi aseme hata "sogeeni", ili wenye mahali wawaondoe watoto wao.

"Mama Mwanamvita," Barnaba alisema, "panya wa hapa hawajui Kiswahili."

Akamwaga. Kitu kililia, sauti nyembamba, mara moja tu. Mwanamvita akarudi ndani na kufunga mlango. Barnaba akasema ni paka.

Sasa alilisubiri tufe lipoe, halikupoa, akalirusha hivyohivyo. Lilitakiwa kukunja kushoto. Lilifika katikati ya njia, likasita, likakunja kulia na kutumbukia mtaroni, kama mtu anayekwepa kuguswa. Barnaba alilitukana, akachukua msasa.

Alikwangua. Vumbi lililotoka halikuwa kavu kama la siku zote, lilikuwa jeupe na lenye unyevu na liliganda kwenye msasa, na harufu yake ilikuwa ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa manyoya, akajisemea kuwa inatoka jikoni, akaendelea kukwangua, na kadiri alivyokwangua ndivyo sauti ilivyopanda kutoka kwenye matundu matatu ya vidole, kwanza kama pumzi, halafu kama kwikwi, halafu kilio cha mtoto aliyelia mpaka koo likamkauka na bado hajachukuliwa na mtu. Alipoacha, kilio kiliacha.

Mchana huo kikombe kilimponyoka. Kisha funguo. Kisha simu, na alipoiokota ikakataa kidole chake. Aliutazama mkono dirishani. Mistari ya kiganja ilikuwa imefutika, na ncha za vidole zilikuwa laini kama tufe jipya.

Hakumwambia mtu, lakini ukumbi mzima ulimwona akila ugali kwa mkono wa kushoto. Othmani akamleta Twaibu kutoka Mlowo, mtu aliyenunua mahindi siku za kazi na kutoa majini siku za mapumziko. Barnaba alikubali kukalishwa kitini kwa sababu tu hakuweza tena kushika msasa. Ubani ukafukizwa, Twaibu akasoma, na Barnaba akajiandaa kucheka. Kicheko kilichotoka hakikuwa chake. Kilikuwa cha mwanamke.

"Wewe ni nani?" Twaibu aliuliza, sauti ikiwa chini.

"Mwenye mtoto."

Twaibu aliahidi maji ya waridi. Aliahidi kuku mweupe. Barnaba, aliyesikia kila neno likipita kwenye koo lake, alijaribu kufunga mdomo na hakuweza.

"Sitaki kuku. Mwanangu ameungua. Nimemlaza humo kwenye tufe, ngozi yake inaota upya. Huyu anaikwangua."

Twaibu akauliza kama anataka kumfanya Barnaba kiti chake, awe anampanda kichwani.

"Huyu? Hata kumkalia naona kinyaa."

Masharti yalikuwa mepesi. Tufe lisiguswe na msasa. Lipakwe mafuta ya ufuta, lifunikwe shuka jeupe, na kila jua likiwa utosini Barnaba aombe radhi kwa mdomo wake. Mtoto akipona, mkono utarudi.

Akatii. Aliomba radhi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika, lakini aliomba, na mistari ikaanza kuonekana kwenye kidole cha shahada. Kilichomtesa ni Enesi wa mapokezi, aliyempokea kila asubuhi kwa swali lilelile: "Mtoto ameamkaje, baba?" Na maneno "naona kinyaa" hayakumtoka masikioni. Kudharauliwa kulikuwa kitu kigeni kwake.

Kisha watu wa Nakonde wakaja kucheza. Boazi, wakala wa mizigo ambaye hajawahi kumshinda, alitazama shuka jeupe.

"Tumesikia unanyonyesha," alisema.

Ukumbi ukacheka, na Othmani alicheka kuliko wote. Barnaba akalivuta shuka. Mwanamvita alikuwa mlangoni na sinia ya chai.

"Baba, bado kidogo tu," alisema polepole. "Vumilia."

Barnaba aliubana msasa kati ya kiganja na kidole chake kimoja kizima, akakwangua mbele ya wote. Kilio kilipanda mpaka wageni wakatazamana, kikapanda tena, kikakatika. Hakikufifia. Kilikatika. Tufe likawa baridi.

Akalirusha. Liliteleza kwenye mafuta, likashika, likakunja kushoto, pini zote zikalala. Barnaba alitazama kiganja chake, na mistari yote ilikuwa imerudi. Akawaambia wote, kwa sauti, kwamba hayo ndiyo majini yao, na yeyote kati yao anayetaka kupakwa ufuta apange foleni.

Alitaka kuinua mkono awaage. Mkono haukuinuka. Ulishuka pale tufe liliporudi, ukaliokota, ukalileta kifuani, na ule wa kushoto ukaja kulishika kwa chini kama shingo isiyokomaa, na mikono yote miwili ikaanza kulibembeleza, huku na huku, ikilipigapiga taratibu kama inavyofanya mikono iliyolea, na Barnaba, ambaye hajawahi kubeba mtoto wa mtu, aliiamuru iache na ikaendelea. Wageni walicheka mpaka walipoona uso wake.

Mwanamvita aliweka sinia sakafuni. Alikuwa na umri wa kumzaa Barnaba, na hajawahi kupata salamu ya heshima kutoka kwake. Alisogea, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Pole kwa msiba."

Barnaba alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo ili ataje jina lake mwenyewe.

"Marahaba," mdomo wake ukaitikia.