Chumba cha Tano

Nyumba ile ya kupanga ilikuwa na vyumba vinne, wala hakuna aliyezijua kuta zake kama Fundi. Alikuwa muashi, na muashi hawezi kulala ndani ya kuta za mwenzake bila kuzihesabia makosa. Kwa hiyo ukuta wa kichwani mwake ulipogongwa saa nne ya asubuhi, ko, ko, ko, alijua fika kwamba nyuma yake hakuna chumba, kuna mtaro wa maji machafu tu. Lakini kinywa kimezoea. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu:

"Karibu."

Hakuna aliyeingia. Au tuseme hakuna aliyeonekana.

Ulikuwa mwezi wa tatu yuko kitandani, mguu umevunjika alipoanguka kutoka jukwaani kazini. Mwanamume akilazwa hugeuka mtoto, na huyu alikuwa amepata mchezo wa kumfaa humo simuni. Dunia nzima ya vipande vya mraba. Unaanza ukiwa mtu mdogo wa mraba, mikono mitupu, unakata miti, unatengeneza sururu, unachimba mawe, unajenga. Giza likiingia, na humo huingia kila baada ya dakika kumi hivi hata kama nje jua linawaka, madude hutoka kukuwinda, nawe unajiziba kwa mawe mpaka kuche. Halafu unaanza upya. Hauna mshindi wala mwisho. Ndiyo maana watu wazima na ndevu zao hawauachi, miaka nenda miaka rudi. Humo hakuna wa kukuambia kazi imekwisha, nenda kwenu.

Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake sebuleni.

"Fundi, umekula?"

"Namalizia paa, Bosi."

"Paa gani? Letu linavuja."

"Hilo la mwenye nyumba. Hili langu."

Bosi ndilo jina alilompa tangu uchumba, hakuwahi kumwita jingine. Na humo mchezoni alikuwa anamjengea nyumba hiyohiyo wanayoishi, chumba kwa chumba, ila isiyovuja. Maskini, mapenzi ya waashi ndiyo hayo.

Wiki moja baada ya ukuta kugongwa, mkewe alipomletea chai, aliona mlango humo kwenye kioo cha simu, pale penye ukuta wa kichwani.

"Huo wa kwenda wapi?"

"Sikuujenga mimi." Alinong'ona kama anayeogopa kusikiwa. "Nimeukuta. Kuna chumba cha tano, Bosi. Nachimba nione kinapoishia."

Kuanzia hapo chumba chao kikaanza kunuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyo. Mkewe alimkata kucha mumewe, mtu asiyetoka kitandani, akakuta chini yake vumbi la mawe. Chakula kikawa kinarudi kama kilivyokwenda. Mtu mwenye maneno kama redio akabaki na "eh" na "bado."

Ikaja adhuhuri moja, mshonaji anapinda sketi za watu, akasikia kugonga, akalishika gurudumu la cherehani ili asikie vizuri, na kule kugonga hakukukoma bali kukaendelea taratibu kama kwa mtu mwenye siku nzima mbele yake, kukashuka kutoka ukutani, kukapita chini ya sakafu, chini ya meza ya kukatia, chini ya nyayo zake mwenyewe hata akazikunja, kukarudi chumbani, na alipochungulia akamkuta mumewe yuko kwenye usingizi mzito, simu iko kifuani, na humo kwenye kioo yule mtu wake mdogo wa mraba anachimba peke yake.

Hakusubiri kuvaa viatu. Alikwenda sokoni kumwita Mama Ndoo, anayeuza ndoo na beseni, na ambaye watu humwendea pia kwa mambo yasiyowekwa kwenye meza.

Mama Ndoo alinusa hewa mara moja tu.

"Huyu amekaribishwa," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alisema karibu?"

Fundi akainamisha uso kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Basi hafukuzwi. Ila amejipa chumba, na humohumo tutamfungia. Mimi nitamsomea asitoke, wewe ziba huo mlango wa simuni kwa mawe. Ukiwa nje, baba. Umenisikia? Nje."

"Mama, mimi ni muashi."

"Ndiyo maana narudia."

Mama Ndoo akaanza kusoma na kunyunyiza maji ukutani. Fundi akaweka mawe, moja, jingine, jingine. Yalipobaki mawili, giza likaingia humo mchezoni. Madude yakamtokea nyuma. Na vidole vyake vikafanya vilichokifanya miezi mitatu kila giza lilipoingia: akaruka ndani, akageuka, akajiziba.

Harufu ya udongo ikakatika kama uzi.

"Ameziba akiwa upande gani?" akauliza Mama Ndoo. Fundi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliteremka kitandani, akasimama juu ya ule mguu uliovunjika, akajinyoosha.

"Wamepishana mlangoni," Mama Ndoo alinong'ona, akachukua ndoo yake, akaondoka kinyumenyume.

Leo yule mwanamume anatembea vizuri kuliko zamani, anakula na kumaliza. Majirani wanasema Mungu mkubwa. Wanamsema mkewe, kwamba eti sasa yeye ndiye mgonjwa wa mchezo, sketi za watu zinalala, simu haitoki kwenye chaja, mama mzima anachimba mawe ya simuni kutwa. Wamsengenye. Kila jiwe analolitoa, yule mwanamume akifumba macho linarudi.

"Ufute huo mchezo, mke wangu," yule mwanamume humwambia kwa upole, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Ni wa kitoto."

Mke wangu.

Ko, ko, ko, ukutani. Mshonaji hasemi karibu. Anashika sururu.

"Bosi nakuja, Fundi," ananong'ona. "Endelea kugonga."