Kigae cha Nne

"Umerudi lini?"

Neheri aligeuka na bakuli la tini mkononi. Hakutabasamu.

"Leo siku ya tisa."

"Siku tisa uko Khemenu, na kwetu hujafika?"

"Nifike kufanya nini, Henut? Nilikuuliza, ukanyamaza. Nikaelewa. Sina kinyongo."

Henut alibaki anamtazama. Watu walikuwa wakisukumana kuingia uwanja wa hekalu, kila mmoja na tini zake na asali yake. Ilikuwa sikukuu ya Jehuti, mungu wa Wamisri wa mwezi na wa maandishi, siku ambayo mtu hutia asali mdomoni akasema mbele yake kwamba ukweli ni mtamu. Mji mzima ulinukia asali, ila yeye mdomo ulimkauka.

"Uliniuliza nini?"

"Tusichezeane."

"Sikuchezei. Miezi minane uko jangwani unakata mawe, umeniletea vigae vinne vya maandishi, na vyote salamu tu. Mimi mzima, kazi nyingi, nisalimie nyumbani. Shangazi yangu angeandikiwa hivyo asingelalamika. Mimi nililia."

Neheri aliweka bakuli chini.

"Cha nne alikusomea nani?"

"Baba. Kwani kuna mwingine?"

"Basi kamuulize mwalimu." Sauti ilimshuka. "Mimi kesho asubuhi napanda mashua ya kusini na wachongaji wenzangu. Miaka mitatu. Nimeshakubali."

Henut alirudi nyumbani mbio.

Mzee Senbi alikuwa uani, amevaa kitani chake cha sikukuu, anamngoja bintiye amshike mkono waende. Miaka thelathini amekuwa mwandishi wa ghala la hekalu na mwalimu wa vijana. Nusu ya waandishi wa mji walipitia fimbo yake, Neheri akiwa mmoja wao, kabla hajatupa kalamu akashika patasi. Tangu mkewe afariki, mzee alibaki na Henut peke yake.

"Umekawia, mwanangu. Tutakuta watu wameshajaa."

Henut aliingia ndani, akatoka na kigae cha nne.

"Baba, nisomee hiki tena."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mzee alikisogeza karibu na pua, akakohoa. "Mimi Neheri ni mzima. Jua kali, kazi nyingi. Nisalimie nyumbani. Haya, twende."

Henut hakujua kusoma hata alama moja, lakini ndege mmoja alimjua. Pembeni pa kigae palikuwa na yule ndege wa Jehuti mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye Neheri hakukosa kumchora. Sasa alikuwa miguu juu, kichwa chini.

"Baba, umekishika juu chini."

Mzee alikigeuza polepole, halafu akakigeuza tena, kama mtu aliyepotea chumbani kwake mwenyewe.

"Tangu lini?" Henut aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Macho, baba."

Mzee alikaa kwenye mkeka.

"Tangu kabla ya mavuno. Yalianza kama moshi. Nikapaka wanja, nikapaka asali. Kila mwezi ukiandama nilimwomba Jehuti. Yeye ndiye aliyeliponya jicho lililojeruhiwa la mungu mwenzake Horusi, likajaa tena. Nikasema, mtumishi wake wa miaka yote hii hatamsahau."

"Na ghalani?"

"Wenzangu wakisoma kwa sauti, nashika kichwani. Wakijua, mkate wa hekalu utakatika. Wewe utakula nini?"

"Kwa hiyo hiki hukukisoma."

"Cha kwanza nilikisoma. Viwili vilivyofuata nilibahatisha. Hiki sikuona hata mstari. Nikajiambia, yule kijana atasema nini zaidi ya salamu? Hata darasani hakuwa na maneno." Alikipapasa kigae kwa kidole. "Kumbe kimesema nini?"

"Sijui, baba. Hilo ndilo linaloniuma."

Maneno makali yalikuwa tayari kwenye ulimi wake. Kisha akaona doa la mchuzi kifuani mwa baba yake, kubwa, la siku nyingi. Alikuwa ameliona doa kama hilo mara ngapi, akadhani ni uzembe wa uzee? Akameza aliyotaka kusema.

"Nimekukosea, mwanangu."

"Umenikosea sana. Nitakasirika kesho. Leo simama, twende."

Walimkuta Neheri kando ya ukuta wa hekalu, na wenzake wawili. Jua lilikuwa linazama.

"Neheri," mzee aliita.

"Mwalimu."

"Niko mbele yako, au pembeni?"

Neheri alimtazama Henut, akamtazama mzee.

"Pembeni kidogo, mwalimu."

Mzee akajigeuza. "Sioni, mwanangu. Binti yangu hakukunyamazia. Mimi sikumsomea maneno yako, nilimsomea ya kwangu. Nilikuwa naona aibu."

Waliokuwa karibu waligeuka. Mmoja wao alikuwa karani wa ghala, na tini ilimkwama mkononi. Mzee aliijua sauti ya kila karani, na alimsikia huyu akicheka muda mfupi kabla. Hata hivyo hakushusha sauti yake.

Henut alimpa Neheri kigae. "Soma."

"Hapa, mbele ya watu wote hawa?"

"Nimengoja jambo nisilolijua. Soma."

Neheri alisafisha koo. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"'Henut. Huku maji yanaletwa na punda, na kila punda akitokea natazama kama kuna neno lako. Mimi si mtu wa kusema. Ila jioni nikikaa peke yangu, nakuongelesha wewe. Nikirudi nataka tuwe nyumba moja, na baba yako awe nasi, maana najua huwezi kumwacha. Kama unataka, mwambie mleta maji aniambie. Ukinyamaza nitaelewa, sitakusumbua.'"

"Na mimi nimo humo?" mzee aliuliza.

"Umo, mwalimu. Mstari wa nne."

Mzee alijifuta macho kwa pindo la kitani. "Na umekosea alama ngapi?"

"Nyingi."

"Nilijua."

Mwezi ulikuwa unachomoza juu ya majabali ya mashariki, mzima, na watu uwanjani wakaanza kuimba. Henut alisogea karibu na Neheri ili asilazimike kupaza sauti.

"Nataka. Nilitaka hata kabla hujauliza."

"Na mashua?"

"Mashua ni yako. Uamue mwenyewe."

"Msimamizi atanitukana."

"Atakutukana."

"Basi acha anitukane," alisema Neheri, akamshika mkono.

Siku ya tatu Neheri akahamia kwao kama mume, na godoro lake, patasi zake na bata wawili. Mzee aliitwa hekaluni, akanyang'anywa kalamu. Lakini walimwachia wanafunzi wa kukariri, na nusu ya mkate.

Hasira aliyoiahidi Henut ilikuja kweli. Kwa siku kadhaa alimwekea baba yake chakula bila neno, akaondoka. Mzee alikula kimya, hakujitetea.

Alasiri moja Henut alikuja akakaa mkekani, bega kwa bega naye.

"Nifundishe kusoma."

"Mke wa mchonga mawe anataka kusoma nini?"

"Kila kitu kitakachoingia nyumba hii. Na wewe nitakusomea."

Mzee alipapasa hadi akaupata mkono wa bintiye, akakifungua kiganja, akaanza kuchora kwa kidole.

"Hii ni alama ya kwanza," alisema. "Kaa vizuri. Mimi nachapa."