Kilio Kilichojaza Uwanja

Walikutana sokoni, mbele ya cherehani ya fundi nguo. Koti la ngozi la mpiga gitaa lilikuwa limechanika kwapani, na fundi akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Kaka, hili koti lina umri gani?"

"Lishone taratibu, dada. Ndilo linalonipa jina."

"Jina gani? Mbona sijawahi kulisikia?"

Kesho yake alirudi na kifungo kilichotoka. Keshokutwa, kingine. Fundi akajua anavinyofoa mwenyewe, moyo ukamlainika.

Bendi ya roki ya mpiga gitaa ilizoea kupigia watu thelathini, nusu yao binamu. Ghafla ikajaza viwanja. Wajuaji walisema ni ngoma, wengine eti ni gitaa. Uongo mtupu. Kilichowavuta watu ni mwanamke anayelia mwanzoni mwa wimbo: "Usiseme kitu. Nisikilize tu."

Fundi alikisikia kilio hicho redioni, akimpima mteja kiuno. Futi ikamdondoka. Ilikuwa sauti yake, ujumbe wa sauti aliomtumia mpenzi wake, mpiga gitaa, kutoka wodini, mama yake alipokata roho.

Akampigia simu.

"Kumbe mimi nalia, wewe unatafuta wimbo?"

"Mpenzi, kila nikiusikiliza ujumbe wako nalia. Nikaona na wengine wausikie."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utakataa."

"Basi jibu ulikuwa nalo."

Akakata. Miezi miwili hakupokea simu zake, ingawa alizihesabu zote.

Mwishowe akapokea. "Njoo uwanjani Jumamosi mchana," mpiga gitaa alimsihi. "Nimeifuta sauti yako. Utaona mwenyewe."

Alikwenda, kavaa gauni la bluu aliloshona kwa mkono wake. Wimbo ulianza kimya, kama alivyoahidiwa. Ndipo uwanja mzima ukapaza sauti: "Usiseme kitu! Nisikilize tu!" Wengine waliigiza kilio huku wakicheka. Mpiga gitaa akainua mikono kuwanyamazisha. Wao wakadhani anawachochea, wakazidisha.

Nyuma ya jukwaa alimkuta ametota jasho.

"Nimejaribu, mpenzi."

"Nimeona." Akampangusa uso kwa mtandio wake. "Nimeshakusamehe. Na bado nakupenda, hilo ndilo linaloniumiza."

"Basi turudiane."

"Siku nikifiwa tena, nitampigia nani?"

Fundi akambusu shavuni, akashika njia ya mlango wa mafundi mitambo. Kule mbele watu walikuwa wanautaka wimbo ule tena.