Kivuli cha Joto Ukutani

Kila asubuhi Adèle aliweka mbabula ya makala, jiko la makaa, mlangoni, jua likiingia nyuma yake, kisha akatazama ukuta mweupe. Joto halionekani kwa macho, lakini kivuli chake kilipanda ukutani kikitetemeka kama maji. Adèle alikichora daftarini, akaandika na saa.

Ulikuwa mwaka wa vita na shule za Bunia zilifungwa. Wakubwa walioileta vita hiyo watoto wao walisoma mbali, hilo Adèle hakulisahau. Mtaani kwake, Ngezi, kulikuwa kimya. Rafiki yake Fifi alikwisha kukimbilia Kpandroma. Nyumbani alibaki Koko, bibi yake, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Mtu wa kuzungumza naye alikuwa mmoja tu: Mwalimu Liévin wa fizikia, aliyekuja kila Jumamosi kukagua daftari.

“Bonjour, mwenye maabara! Makala ingali iko?”

“Iko, Mwalimu. Koko anasema ninapikia ukuta.”

Mwalimu alicheka, akafungua daftari. Kidole chake kikasimama.

“Hii ya Jumanne ulichora saa ngapi?”

“Saa mbili.”

“Weye mutoto! Jumanne mvua ilinyesha kutoka asubuhi mpaka magharibi. Hiyo jua ulikopa kwa nani?”

Adèle aliinama. “Niliogopa. Ukikuta ukurasa haina kitu, hautakuja tena.”

Mwalimu akaketi.

“Sikia. Katika maabara za mbali watu wanasukuma hewa ndani ya bomba, mbio kupita sauti mara tano na zaidi. Inapita mbele hata ya kupepesa jicho. Mwangaza ndio unaonyesha kivuli yake, kama hapa ukutani. Mwenye kupima akitunga, nani atajua?” Sauti yake ikapanda. “Na hapa kwetu? Mutu alisema majirani wanakuja kutuua. Hakuona mutu hata mumoja! Wengine wakamuamini, wakabeba mapanga. Siye tumezika watu sababu ya vitu hakuna mutu aliona.”

Adèle alipiga mstari juu ya mchoro, akaandika: *Jumanne: mvua. Sikuona kitu.*

“Hii ndiyo ukurasa ya muzuri kupita zote,” alisema Mwalimu. “Andika ulichoona. Kama hukuona, andika hukuona. Na mimi Jumamosi nitakuja, hata daftari yote ikiwa nyeupe.”

Alipotoka, Koko aliuliza kwa kelele, “Amesema nini?”

Adèle akamwinamia sikioni. “Atakuja, Koko. Atakuja.”