Nikukalie, Sindano?

Jua lilikuwa linazama, na chumvi ilikuwa imekwisha. Siku nyingine Mama Kifaranga angemtuma mtoto wa jirani. Jioni hiyo alikwenda mwenyewe, tena mbio, kandambili zikimpiga visiginoni, kwa sababu kila dakika iliyopotelea njiani ilikuwa imekatwa kwenye muda wake wa gemu.

"Mama Kifaranga!"

Hakuitika. Aligeuka kwanza, akatazama. Aliyemwita alikuwa muuza duka, ameshika chenji aliyoisahau yeye.

"Unakimbizwa na nani, dada yangu?"

"Maharage yanaungua!"

Uongo mtupu. Maharage yalikuwa bado hayajapata hata moto wa kutosha. Lakini kule kugeuka kwanza hakukuwa mchezo. Marehemu bibi yake ndiye aliyemlea hivyo: ukiitwa jua likizama, usiitike mpaka umemwona anayekuita. Na Mama Kifaranga naye alimfundisha hivyohivyo binti yake mdogo, Kifaranga, kabla hata hajamfundisha kufunga viatu.

Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani. Kutwa alishona sare za shule chumbani kwake, mguu kwenye pedeli, mdomo umebana pini. Simu ya maana chumbani kwao ilikuwa moja tu, ya mumewe, fundi wa kuchomelea mageti. Asubuhi inaondoka naye, jioni inarudi naye. Ila mume alikuwa mtu wa sala. Akishaoga, huichomeka simu kwenye chaji na kwenda ibada ya jioni. Tangu mlango unapofungwa mpaka kikohozi chake kinaposikika tena uani, simu ilikuwa ya mkewe.

"Haya, kila mtu na ibada yake," mume alimtania siku moja.

Mke alicheka. Lakini neno lile lilimchoma, maana zamani saa hiyo naye alikuwa akipiga magoti. Mungu anajua tunavyoacha vitu vyetu vizuri kidogokidogo, bila hata kusikia vikianguka.

Gemu lenyewe lilichezwa na vikosi vya watu wannewanne. Mnaingia kwenye mji uliobomoka, mnawinda madubwana, na anayeangusha mengi anavikwa taji. Ukitoka katikati ya mapambano, kiti chako kwenye meza ya kikosi kinabaki kitupu. Na pembeni kuna benchi. Hapo hukaa wachezaji wa akiba, watu wasiojulikana na yeyote, wakingoja kumkalia mtu nafasi yake. Ila wa akiba hakai mpaka mwenye kiti amkubalie.

Humo ndani Mama Kifaranga aliitwa Sindano. Jicho lililozoea kutunga uzi halikukosa shabaha. Kikosini alikuwamo Kapteni, mwanamume wa mbali ambaye hawakuwahi kumwona, mwenye sauti nzito ya kumfanya mtu ajisikie shujaa. Alikuwamo Kobe, ambaye kusema kwake kulikuwa kwa shida kama anatozwa ushuru. Na Malkia.

Malkia alikuwa wifi yake. Mdogo wa mumewe, hajaolewa, anakaa chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo, ukuta mmoja. Akicheka, Sindano alimsikia mara mbili: kwanza ukutani, kisha masikioni, kwa kuchelewa kidogo, kama mwangwi.

Na wifi alikuwa na simu yake mwenyewe. Na hakuwa na mtoto wa kuogesha wala sare za kuwahi. Aliamka na gemu, akalala na gemu.

Jioni ile, chumvi ikiwa imeachwa juu ya meza bila kufunguliwa, Sindano alivaa spika za masikioni na kuingia. Alipiga vizuri. Alipiga vizuri sana! Dubwana kubwa lilikuwa limebaki kidogo tu lianguke...

Kikohozi uani.

"Natoka," alinong'ona.

"Tena?" Kapteni akaguna. "Sindano, wewe ni wa kuonja tu. Afadhali Malkia, huyo ndiye mtu wa kumtegemea."

Kicheko cha wifi. Ukutani. Kisha masikioni.

Roho ilimuuma kama mtu aliyejichoma pini chini ya ukucha. Akasema kwa sauti ya chini, akidhani anajisemea peke yake: "Yeye ana simu. Ana siku nzima. Mimi nina nini?"

Masikioni pakawa kimya.  

Kisha sauti ya mwanamke, karibu, karibu mno, kama mtu aliyeinama begani kwake.

"Sindano... nikukalie?"

Hakugeuka kutazama. Angemtazama nani? Ndani ya gemu wote wanaokuita huwaoni. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo bibi yake asingeweza kulijua, maana enzi zake sauti ilikuwa na mwili.

"Nikalie," akasema.

Harufu ikapita. Ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni zikavunda. Mara mume akaingia, na harufu ikakatika.

Kesho yake mchana wifi alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, we mjanja. Kumbe una simu ya siri?"

"Simu gani?"

"Usijifanye hamnazo. Tangu asubuhi uko nasi. Unapiga, unacheka, unamtania Kapteni mpaka anasahau kazi. Taji umenipokonya!"

Sindano alitazama cherehani. Rundo la sare zilizokwisha. Asubuhi yote mguu wake ulikuwa kwenye pedeli. Jioni alimuuliza mumewe kama kuna mtu aliishika simu.

"Nani aishike? Iliisha chaji ikazima tangu nafika kazini. Kwani kuna nini?"

"Hamna."

Angesema hapo, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini tuseme kweli: alifurahi. Alipoingia jioni na kuona taji juu ya kichwa cha Sindano, na kupitia ukutani akasikia wifi yake akisonya, moyo wake ulijaa asali. Akaosha vyombo huku akiimba.

Furaha hiyo haikukaa.

"Jioni unakuwaje, Sindano?" Kapteni alimuuliza siku iliyofuata. "Mchana unapiga kama radi. Ikifika saa hizi unakuwa kama umebadilishwa mikono."

"Na mchana unachekesha," Kobe akaongeza. Kobe! Aliyekuwa hasemi.

Akajikuta anamwonea wivu mtu mwenye jina lake mwenyewe. Wivu wa wifi ulikuwa na sura, angalau angeweza kumnunia. Huyu angemnunia nani? Kioo?

"Toka," alisema jioni moja, wenzake walipokwisha kutoka. "Nataka kiti changu."

 Harufu ile ikarudi.

"Nimekukalia vizuri," sauti ikanong'ona. Sasa haikuwa sauti ya mgeni. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na mkwaruzo uleule wa mtu aliyebana pini mdomoni. "Watu wananipenda."

"Toka nimesema!"

"Wewe una mtoto. Una mume. Una mlango wa kuingia na kutoka. Mimi nina nini?"

Maneno yake mwenyewe. Yamerudi kwake yakiwa na njaa.

Akazirusha spika zile kitandani kana kwamba zimemng'ata. Akatafuta njia ya kufuta gemu, akalifuta. Akaona kiduara kikizunguka. Akaona limeondoka. Akashusha pumzi.

Jioni iliyofuata hakuigusa simu. Mume alikwenda ibadani, simu ikabaki chumbani kwenye chaji. Yeye alikuwa jikoni, uani, akichochea moto chini ya maharage, na mdomoni akijaribu kuyaokota maneno ya sala aliyoyaacha siku nyingi. Kifaranga alikuwa chumbani akichezea vipande vya vitambaa.

Taka-taka-taka-taka...

Cherehani.

Alitabasamu kwa uchovu. Wifi huyo, kaja kushona pindo lake, na hajaomba ruhusa. Kisha Kifaranga akacheka, kile kicheko cha tumboni anachomchekea mtu mmoja tu duniani.

"Wifi, umwangalie mtoto na sindano hiyo!" akapaza sauti.

"Sindano gani?"

Wifi alikuwa nyuma yake. Ameingia kutoka nje, ndoo ya maji kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

Wakatazamana.

Taka-taka-taka...

"Wifi," wifi akanong'ona, "nani anashona?"

Ndoo ikaanguka. Walikimbia pamoja, wakapigana vikumbo mlangoni.

Chumbani hapakuwa na mtu, ila Kifaranga sakafuni. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka, polepole, polepole, likasimama. Harufu ya nguo zilizovunda ilijaa mpaka ikakaa kwenye ulimi. Mtoto alikuwa amevaa gauni jipya la kitambaa cha sare. Mama alilishika pindo. Mishono mitatu mbele, mmoja nyuma. Fundi mwingine hakushona hivyo. Yeye tu ndiye aliyeshona hivyo.

"Kakuvisha nani?"

"Mama," mtoto akasema, akimshangaa.

"Yuko wapi?"

Kifaranga akanyoosha kidole kwenye chaji. Simu ilikuwa inawaka. Gemu lililofutwa lilikuwa wazi. Meza ya kikosi, viti vinne. Vitatu vitupu. Katika cha nne aliketi Sindano na taji lake, lakini hakuitazama meza. Alikuwa amegeuka, anawatazama wao. Mguu wake mmoja ulikuwa unapanda na kushuka.

Kama uko kwenye pedeli.

Wifi aliketi chini akalia.

"Nisamehe, wifi. Mimi ndiye niliyemwita."

"Umemwita nani?"

"Simjui! Alikuwa kwenye benchi. Kila siku yupo, hana jina, hachaguliwi na mtu. Nilimwambia: Sindano akitoka, mwombe kiti chake, atakupa. Nilitaka tu upoteze nafasi." Akafuta kamasi kwa mkono. "Wewe una kila kitu. Una kaka yangu, una mtoto, una kazi ya mikono yako. Mimi nilikuwa na gemu tu, na hata humo ulinishinda kwa dakika zako chache."

Mama Kifaranga akataka kumpiga. Badala yake akaketi karibu yake sakafuni, mtoto katikati yao. Miezi yote walikuwa wakioneana wivu kupitia ukuta mmoja, na kulikuwa na mtu kwenye benchi akiwasikiliza wote wawili.

Mume aliporudi waliungama yote. Hakucheka. Aliizima simu, akaipeleka karakana, na kesho yake akasema ameichoma kwa moto wa kuchomelea mpaka ikawa tone. Waumini walikuja wakaomba nyumbani, chumba kwa chumba. Gauni lile lilizikwa mbali. Wifi akauza simu yake, akaanza kujifunza ushonaji, na ukutani hakukusikika tena kicheko cha kumkera mtu. Harufu ikaisha. Mama Kifaranga akarudi kupiga magoti jioni, na siku zikaenda vizuri, mpaka akaanza kusahau.

Jana, jua likizama, alikuwa jikoni. Wifi na mume walikuwa ibadani. Chumvi ilikuwa imekwisha, akataka mtoto amletee kopo la chumvi ya akiba lililoko chumbani.

"Kifaranga!"

Hakuitika. Vizuri, mama akawaza, anakumbuka mafunzo. Atakuja kwanza anione.

Mtoto akaja. Akasimama mlangoni, kidole mdomoni. Akamtazama mama yake usoni, kwa muda mrefu. Kisha akageuza shingo, akatazama kule chumbani alikotoka. Akamrudia tena mama yake kwa macho. Kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili.

"Kifaranga, mbona huitiki? Si umeshaniona?"

Mtoto akarudi nyuma hatua moja. Akanong'ona:

"Mama amesema nisikuitikie."