Mdudu wa Stoo

Kila akitoka shuleni, Kidoti aliingia stoo kumchukulia mama yake vitambaa vya kushona. Mama alikuwa fundi cherehani. Mtoto wake mchanga alilala chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao wenye nyufa.

Siku hiyo Kidoti alipoinua kitambaa, kitu chenye miguu mirefu kilimrukia kifuani. Alitoka mbio, msumari wa mlangoni ukamkwaruza mkono.

"Buibui!" alilia. "Mkubwa kama kiganja!"

Kaka yake aliangua kicheko. "Shujaa wetu huyo! Kesho atakimbizwa na nzi."

Kidoti aliona haya. Akanyoosha mkono uliotoka damu. "Ameniuma."

Kicheko kikakatika. Mama aliacha cherehani, uso umemsawijika. Baba mdogo, mpuliza dawa wa mashambani aliyeishi nao, hakuuliza la pili. Alichanganya sumu kali ya wadudu wa shambani, akaitia kwenye bomba lake, akajifunga kitambaa puani. Harufu ikatambaa nyumba nzima.

"Shemeji, mtoto analala hapo nyuma," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Na buibui mwenye sumu akimfikia?"

Nyuma ya mbao, mtoto alikohoa. Akakohoa tena. Baba mdogo akashika mpini wa bomba.

Ee Mungu, nitie nguvu, Kidoti aliomba kimoyomoyo.

"Baba mdogo, ngoja! Hajaniuma. Ni msumari."

Baba mdogo alitua bomba, akaingia stoo na tochi na chupa ya kioo. Alirudi na mdudu wa kahawia, mwenye kibyongo.

"Hesabu miguu."

"Sita," Kidoti alinong'ona.

"Buibui ana minane. Tazama vipapasio, virefu kuliko mwili. Huyu ni nyenje asiye na mabawa. Hupenda giza na unyevu. Hana sumu."

Mama alikimbilia kufungua madirisha. Baba mdogo alichuchumaa mbele ya Kidoti.

"Kazini kwangu, sharti la kwanza ni kumwona mdudu ndipo uchanganye dawa. Leo nimelivunja, maana niliamini neno lako. Hilo ni kosa langu. Lakini wewe, mwanangu, uliogopa kuchekwa, na kicheko kingeisha kabla ya jioni. Sumu hii ingeingia kifuani mwa mdogo wako. Ukiogopa, sema unaogopa. Sema kweli mapema, kabla mtu hajashika bomba."